Filamu Isiyo na Mfu

Kazi yangu haihitaji viatu. Nakaa sebuleni, kwenye meza iliyo kando ya dirisha, nikichaji simu za watu na kuwajazia filamu kwenye kadi zao. Wateja wananiita Tata Chaja, baba wa chaja. Dada yangu mkubwa, Yaya Mujinga, ananiita majina mengine. "Benzako balienda Likasi, balienda Lubumbashi, bengine balifika Zambia," huniambia kila akija kunitembelea, "weye unalalia tu hii nyumba sawa kuku. Utaangua nini humu?" Namwongezea chai. Diploma yangu ya sekondari imetundikwa ukutani juu ya waya za chaja, na huwa naisoma vizuri zaidi kuran ya umeme ikikatika, maana wakati huo sina kingine cha kutazama.

Juzi mama mmoja jirani aliniletea kadi, akataka niifute yote nimwekee nyimbo za kwaya. Mimi nina tabia mbaya moja, nayo ni kuchungulia kabla ya kufuta. Humo ndani, katikati ya picha za ubatizo na video za harusi ya mtu, kulikuwa na filamu fupi isiyo na jina. Ni katuni, ile ambayo sisi huku tunaita dessin animé, na tukishaita hivyo tunawaachia watoto waitazame peke yao, tukienda kupika. Nikaifungua. Ikatokea nyumba nyembamba, ndefu, juu ya kilima kisicho na mti. Upepo. Dirisha moja lenye mwanga.

Mwili wangu uliitambua kabla yangu. Nilisikia harufu ya petroli ya jenereta, ya blanketi lenye unyevu, ya karanga zinazokaangwa na mtu asiyeonekana. Na miguu yangu, kwa hiari yake yenyewe, ikapanda juu ya kiti.

Ninyi mliokuwa watoto wakati wangu mnamkumbuka Tata Sonore, au mnamkumbuka mwingine kama yeye, maana kila mtaa ulikuwa na wake. Alikuwa na chumba cha matofali ya udongo, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, mabenchi ya mbao ambayo yaliwaachia watu vijiti kwenye suruali, na televisheni moja iliyokaa juu ya pipa kama askofu. Filamu zake alizinunua kwa wachuuzi waliorudi kutoka mpakani, Dilolo. Zilikuwa za Kichina, za Kireno, za lugha ambazo hata wenyewe sijui kama walizielewa. Kwa hiyo Tata Sonore alikaa kando ya televisheni na fimbo yake, akatupigia sauti. Kila mtu wa kwenye filamu alimpa jina la mtu wa mtaani. Mwizi alikuwa daima na jina la yule aliyekuwa na deni kwake. Ndiyo maana tulimwita Sonore, yaani Sauti: bila yeye, filamu ilikuwa bubu.

Lakini filamu iliyompa raha zaidi ya zote ilikuwa hiyo ya nyumba kilimani, isiyokuwa na maneno kabisa. Humo hakuna aliyeweza kumpinga.

"Hii nyumba, batoto," alianza kwa sauti ya chini, "haina tata, haina mama. Kuko tu huyu mutoto na saa. Musikilize saa."

Tulisikiliza. Saa ilikuwa na sauti kama mtu anayekatakata mboga bila haraka. Msichana alikuwa mwanasesere wa kitambaa, uso mweupe kama ugali wetu wa bukari, macho ya vifungo. Kichwa kilikuwa kikubwa kuliko shingo ilivyoweza kubeba. Alitembea kwa kushtukashtuka, kama kila hatua alikuwa anaambiwa habari mbaya. Kuta zilikuwa zimebandikwa karatasi za maua, na ukizitazama vizuri, maua yale yalijaa na kupungua, yakajaa na kupungua, kama mbavu za mtu aliyelala. Mshumaa ulipopita mbele ya ukuta, kivuli cha msichana kilichelewa kidogo kumfuata. Siku hizi najua zile filamu zinavyotengenezwa: mtu anakaa na mwanasesere, anamsogeza kidole kidogo, anapiga picha, anamsogeza tena, siku nzima, wiki nzima, bila kutoka nje. Naheshimu sana kazi ya namna hiyo. Lakini wakati ule nilijua jambo moja tu, kwamba nyumba ile ilikuwa inapumua.

"Sasa musikilize chini," alisema Tata Sonore.

Ko. Kimya. Ko, ko.

Kulikuwa na kitu kinagonga chini ya sakafu. Msichana aliweka kikombe. Akapanda kiti. Akashuka. Akachukua mkongojo mweusi uliokuwa umeegemea ukuta, akaunyanyua kwa mikono miwili, akapiga sakafu kwa nguvu zake zote. Kugonga kukakoma. Yeye akarudi kwenye chai yake. Halafu picha ilianza kushuka, polepole, ikielekea ufa mweusi kati ya mbao za sakafu, ikashuka, ikashuka, na hapo ndipo diski ilipokwama. Siku zote. Picha ilivunjika vipande vipande kama kioo, Tata Sonore akaitoa diski, akaifuta kwa shati lake, akaitazama kwenye mwanga, akakata tamaa, akatumalizia mwenyewe.

"Chini mule kuko mufu," alisema. "Mufu anataka nyumba yake. Akigonga, weye unamupigia juu ya kichwa, unamuambia: baki kwako, na sisi tubaki kwetu. Anarudilia usingizi. Lakini muchunge kintu kimoja, batoto. Mwenye alimusikia asiseme. Ukiambia mutu mwengine, mufu anaachana na weye, anafwata ule mwenye uliambia."

Tulitoka tukiwa tumeshikana mashati. Nje jua lilikuwa kali, watu wanauza nyanya, na sisi tulikuwa tunakanyaga ardhi kwa ncha za vidole.

Sasa, msichana yule wa macho ya vifungo angehamishiwa mtaani kwetu angechoka mikono. Kwetu ardhi ilikuwa inagonga kila siku. Mnakumbuka jinsi mtaa ulivyokuwa baada ya mtu wa kwanza kuchimba choo akakuta mawe ya rangi ile ya kobalti. Kila parsele, yaani kila kiwanja cha mtu, ikawa na turubai la rangi ya chungwa, chini ya turubai shimo, kando ya shimo vijana waliokuja kutoka kila pembe ya Kongo, na gunia. Mama yetu alikataa kuchimba kwetu. Baba alikuwa dereva wa lori, yuko njiani siku zote, na mama alisema anataka mume akirudi akute nyumba ikiwa juu ya ardhi na si ndani yake. Sisi watu wa Kasai, alisema, babu zetu waliletwa hapa kufanya kazi kwenye mashimo, yeye ametosheka. Lakini jirani yetu, Tata Kapend, alichimba. Na shimo likishafika chini halifuati ua wa mtu. Linafuata jiwe. Wachimbaji walikuwa wanatengeneza njia za chini zinazopita chini ya nyumba za watu bila kubisha hodi, na watu wazima walijua, wakagombana, wakapatana, wakagombana tena.

Watu wazima walijua. Mimi hakuna aliyeniambia. Nilijua tu kwamba mashimo yanashuka. Haikunipitia akilini kwamba yanatembea.

Kati ya vijana wa Tata Kapend, wawili walikuwa marafiki zetu. Mmoja ni Ilunga, mrefu, mwenye mzaha, aliyekuwa akimwita Yaya Mujinga "bibi yangu wa kesho" mpaka mama akamrushia maji ya vyombo. Mwingine ni Fiston. Fiston alikuwa mpole. Mama yake aliuza karanga penye kona ya barabara, na kila alipotoka shimoni, akiwa mwekundu wa udongo kutoka kichwani hadi miguuni, alipita kwanza kwa mama yake ili amwone. Alikuwa akinipa mimi karanga kupitia tundu la ua. Alama za vidole vyake zilibaki nyekundu kwenye ganda.

Alasiri ile mvua ilikuja kwa hasira. Mama alikuwa sokoni. Yaya Mujinga alikuwa ametumwa kwenye mashine ya kusaga unga, mvua ikamfungia huko. Nilikuwa peke yangu ndani, mabati yanapiga kelele, mbabula, jiko letu la mkaa, inatoa moshi kwa sababu mkaa ulikuwa umelowa, na maji yameanza kuchora michirizi ukutani. Plasta yetu ilikuwa na uvimbe hapa na pale kwa unyevu. Niliitazama. Naapa ilikuwa inajaa na kupungua.

Mvua ilipopungua kidogo, nikasikia.

Ko. Kimya. Ko, ko.

Ilitoka chumba cha kulala, chini ya saruji, karibu na sanduku la mama. Nilisimama mlangoni. Ikagonga tena, na safari hii niliihisi kwenye nyayo. Ningependa kuwaambia kwamba nililia au nilikimbia, ingekuwa afadhali. Nilichosikia kilikuwa furaha ya ajabu ya mwanafunzi aliyekuta mtihani una swali alilolisoma jana. Mimi nilijua la kufanya. Katika mtaa mzima hakuna mtoto aliyekuwa amejitayarisha kama mimi. Nikaenda jikoni, nikachukua mchi wa kinu, uliokuwa mrefu kunizidi, nikauburuta mpaka chumbani, nikaunyanyua kwa mikono miwili.

Nikapiga. Saruji iliruka vipande.

Kimya.

Kimya kile kilikuwa kitamu. Nilienda kula bukari baridi ya asubuhi, nikakaa kama mwenye nyumba. Baadaye ikaja tena, dhaifu, kama mtu anayegonga kwa ukucha. Nikarudi, nikapiga kwa nguvu zaidi, nikainama nikasema mle kwenye saruji, kwa sauti ya Tata Sonore niliyoweza kuiiga: "Baki kwako, na sisi tubaki kwetu."

Haikugonga tena.

Yaya Mujinga aliingia ameloa, unga ameuficha ndani ya kitenge kama mtoto mchanga. "Juu ya nini uko unaniangalia hivi?" aliuliza. "Uliiba sukari?" Nikatikisa kichwa. Nilitaka sana kumwambia. Midomo iliniwasha. Lakini nilimtazama, maji yanamchuruzika kwenye nywele, nikafikiri: nikisema, kitamfuata yeye. Mama aliporudi nilimfikiria vivyo hivyo. Nilikaa kati yao wawili karibu na mbabula, nimefunga mdomo, nikiwalinda. Sijawahi kumpenda mtu kwa bidii kama nilivyowapenda jioni ile.

Giza lilikuwa linaanza kuingia tuliposikia kelele kwa Tata Kapend. Mvua ilikuwa imeshusha udongo shimoni. Wale wa juu walikuwa wamekimbia mvua mapema, kila mmoja akidhani wale wa chini wametoka na mwenzake. Hakuna aliyejua mpaka mama ya Fiston alipokuja na sahani ya chakula iliyofunikwa, kuuliza kwa nini leo mtoto wake hajapita kujionyesha.

Walichimba kwa majembe, kwa sufuria, kwa mikono. Asubuhi walimtoa Ilunga, hai. Baadaye walimtoa Fiston.

Watu wa mtaani wamejaa uani, Ilunga amekalishwa chini, mtu anamnywesha maji kwa kijiko, naye neno la kwanza alilosema likawa: "Nyumba moja ilitujibu."

"Nyumba gani?"

"Tuligongaka kule juu na nyundo. Kuko nyumba ilitujibu. Njo maana tuliacha kugonga, tukakaa, tukachunga pumzi. Tukajua watu banakuya."

Kila mtu akamtazama mwenzake. Mama yangu, ambaye hakuwahi kukosa kuona doa kwenye nyumba yake, akageuka akaingia nyumbani kwetu. Akatoka akiwa na mchi mkononi, na vipande vya saruji kwenye kiganja.

"Nani alipiga?"

"Mimi," nikasema. Lilikuwa jibu la kweli, na tangu siku hiyo sijui kama niliwahi kusema uongo mkubwa zaidi.

Walininyanyua. Mwanaume mmoja alinibeba mabegani. Mtu alisema huyu mtoto ana masikio ya malaika. Na katikati ya mikono yote ile nilisikia Yaya Mujinga, sauti yake nyembamba, akiuliza: "Lakini juu ya nini hakutuambia?" Mama akamjibu haraka: "Nyamaza. Ni mutoto. Alijibu, na njo yote mutoto anaweza." Yaya Mujinga ananitania kuhusu kila kitu nilicho nacho na nisichokuwa nacho, tumbo langu, chaja zangu, kukosa kwangu mke, lakini swali lile hajalirudia. Nadhani analihifadhi. Nadhani ananionea huruma, na hicho ndicho kinachoniuma kuliko dhihaka zake zote.

Kwa sababu hesabu yake ni rahisi, hata mtoto anaifanya. Walikuwa na alasiri nzima. Fiston aligonga wakati bado kuna mwanga, watu wako majumbani, majembe yameegemea kuta. Ningekimbia nje nikapiga kelele kama mtoto yeyote mjinga ambaye hajasoma, wangeanza kuchimba saa zile. Lakini mimi nilikuwa nimesoma kwa Tata Sonore.

Kwenye kilio, tulipokaa nje kwenye mikeka na wanawake wanaimba, mama ya Fiston aliniita. Nilidhani amejua. Nilikwenda kwake nikiwa nimekubali chochote. Akachukua mkono wangu wa kulia, akauweka kwenye shavu lake, akafumba macho. "Huu mukono," alisema, "njo kintu ya mwisho mutoto wangu alisikia. Hakukufa sawa mutu mwenye banamusahau. Alikufa anajua banamusikia." Shavu lake lilikuwa na joto. Halafu akaniomba nimwonyeshe nilivyopiga. Nikagonga chini, kwenye udongo, kwa kidole, taratibu: ko, ko, ko. Sivyo nilivyokuwa nimepiga. Nilipiga kama mtu anayeuliza.

Tangu hapo anakuja. Mwaka ukianza, na siku nyingine asizonipa taarifa, akiwa na karanga kwenye kitambaa. Wengine waliuza nyumba zao, wengine nyumba zilizama zenyewe. Mama yangu amehamia kwa Yaya Mujinga. Mimi nimebaki, na watu wanasema ni uvivu, na sijawakatalia, uvivu ninao wa kutosha. Lakini kuna na hili: kitanda changu nimekiweka pale penye shimo la mchi, sikuwahi kuliziba, na mvua ikinyesha sipigi muziki. Mtu lazima awepo nyumbani. Na mama ya Fiston akibisha, lazima kuwe na mtu wa kumpa mkono.

Basi, juzi. Filamu iko kwenye simu yangu, miguu iko juu ya kiti, na safari hii hakuna diski ya kukwama. Msichana alipiga sakafu. Akarudi kwenye chai. Picha ikaanza kushuka kuelekea ule ufa, nikaifunika simu kwa kiganja, mwanaume mzima mwenye ndevu, nikatazama kupitia vidole.

Chini ya sakafu kulikuwa na chumba. Karatasi za maua zile zile. Saa ile ile. Na msichana mwingine, macho ya vifungo, amesimama juu ya kiti, ameshika mti wa fagio, anaitazama dari akitetemeka. Naye alikuwa amesikia kishindo juu ya kichwa chake. Naye alikuwa peke yake. Akanyanyua fagio. Ko. Kimya. Ko, ko. Mshumaa ukazimika, filamu ikaisha.

Nilirudia tangu mwanzo. Nilitafuta kila kona ya ile nyumba. Hakuna mfu. Katika filamu nzima hakuna mfu hata mmoja. Aliyemtia humo ni Tata Sonore, kwa sababu diski ilikwama na watoto walikuwa wanasubiri. Mfu alipatikana kwetu.

Nilikuwa bado nimekaa hivyo Ilunga alipoingia. Ilunga siku hizi ana tumbo na pikipiki, anasafirisha matofali, na hatelemki hata kwenye mtaro. Huja kwangu kuchaji simu na kunitukana.

"Tata Chaja! Ungali hai? Nilifikiria jua iliingia humu ndani ikakuua."

"Kaa," nikasema. "Angalia hii."

Aliitazama akitafuna karanga. Aliruka mara moja, akasingizia mbu. Ilipoisha akacheka. "Bale batoto babili bako bajinga. Mumoja angetelemuka tu aone."

Sijui ni kwa nini nilisema hapo. Labda ni kwa sababu alicheka. "Ilunga," nikasema, "mimi sikuwajibu siku ile. Nilikuwa nawafukuza. Nilifikiri ninyi ni mfu. Niliwaambia mbaki kwenu."

Akaacha kutafuna. Nje mtu alikuwa anapatana bei ya makaa. Ilunga aliipindua simu yangu, akailaza kifudifudi mezani, kama mtu anayemfunika maiti usoni.

"Nilijua," akasema.

"Ulijuaje?"

"Mutu mwenye kujibu anapigaka, anangoja. Weye ulipiga sawa mutu anafukuza panya. Fiston njo alisema wa kwanza. Aliniambia: 'Ilunga, hawa banatufukuza. Tugonge tena.' Mi nikamuambia: 'Hapana, banatujibu. Kaa, chunga pumzi.'" Alijifuta mikono kwenye suruali, ingawa haikuwa na kitu. "Alitaka kuendelea. Aligonga tena kidogo, na ukucha, nikamushika mukono. Nilichoka, unasikia? Nilitaka mutu awe alitujibu. Kama angegonga mpaka jioni, dada yako angesikia. Mama yako angesikia. Mi njo nilimushika mukono."

Nilitafuta neno la kumwambia, nikakuta kila neno nililokuwa nalo ni lile ambalo mimi mwenyewe nimejiambia na halikunisaidia. Ulikuwa mtoto. Hukujua.

"Na mama ya Fiston, ulimwambia?" nikauliza.

"Mi? Na weye?"

Ndipo mlango ukabishwa. Taratibu, kwa kiganja, kama anavyobisha siku zote. Mama ya Fiston aliingia kwanza na fimbo yake, halafu yeye, halafu kitambaa cha karanga. Macho yake siku hizi yanaona mwanga tu na maumbo.

"Moyo, mwana," akanisalimu kwa lugha ya kwetu ya Kasai. "Nani huyu? Ananuka petroli."

"Ni mi, mama. Ilunga."

"Ah. Muko babili leo. Muzuri." Tukampa kiti. Alipumzika, akashusha kitenge, akanyoosha mkono wake juu ya meza, kiganja juu, kama anavyofanya. Nikaweka wangu. Akauinua mpaka shavuni, akafumba macho. Shavu limekuwa baridi miaka hii, na limekuwa jepesi. Sikuweza kumtazama Ilunga.

"Nionyeshe tena," akasema. "Vile ulipiga."

Nimemwonyesha mara nyingi sana, na kila mara nimejiambia hii ni ya mwisho. Nikakunja kidole, nikagonga mbao ya meza, kwa upole, kama mtu anayeuliza. Ko, ko, ko.

Na kutoka chini ya meza, kwenye ubao ule ule, Ilunga akajibu. Ko. Kimya kidogo. Ko, ko.

Mama ya Fiston hakufungua macho. Aliushika mkono wangu kwa nguvu zaidi, akainua kidole cha mkono mwingine ili tusiseme kitu, akasikiliza.